Usianze na uso: namna ya kusoma picha za kuchapwa za mabibi wa Uingereza wa miaka ya 1660 hadi 1714

Ukiingia kwenye makusanyo ya makumbusho mtandaoni ukatafuta duchesi yeyote (bibi wa cheo cha juu) wa Uingereza wa miaka ya 1680 utaletewa picha nyeusi nyeusi, mwanamke kakaa, bega moja liko nje, nywele zimejikunja, macho mazito kama katoka kuamka sasa hivi, nyuma yake pazia au mti. Unashuka chini, anakuja mwingine. Unashuka tena, mwingine. Ukifika wa kumi unaona kabisa kwamba wa pili ni pacha wa kwanza na wa saba kavaa gauni la wa tatu, na hapo wengi wanakata tamaa wanafunga simu. Mimi nilihangaika na hizi nyuso miezi mingi nikilinganisha pua na pua, kidevu na kidevu, mpaka nikaja kuelewa kwamba nilikuwa naanzia mahali pabaya. Kwenye picha hizi uso ndo kitu cha mwisho kuaminiwa. Anzia chini, kwenye ule ukanda mwembamba wa maandishi, alafu karatasi, alafu wino, alafu nguo, na uso uje mwisho kabisa.

Na hili la uso sio maneno yangu tu. Samuel Pepys, yule ofisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara yake kila siku kwa karibu miaka kumi, mwaka 1668 alienda kuona picha ambazo Peter Lely aliwachora mabibi wa nyumba ya Duchess of York, mke wa ndugu wa mfalme, akaandika kwamba picha ni nzuri ila hazifanani na wenyewe. Huyu mtu aliwajua kwa macho, alikuwa anapishana nao ikulu. Sasa kama yeye aliyesimama nao chumba kimoja anasema hazifanani, mimi na wewe miaka 350 baadaye tunalinganisha pua ya nini?

Sababu yenyewe inaeleweka. Lely ndo alikuwa mchoraji mkuu wa mfalme Charles II, wateja walikuwa wamejaa mlangoni, kwa hiyo karakana yake ilikuwa na mapozi yenye namba, pozi linachaguliwa, Lely mwenyewe anachora kichwa, wasaidizi wanamalizia mikono na hariri na pazia. Alafu kulikuwa na mtindo wa mjini, kila bibi alitaka afanane na Barbara Villiers, kipenzi cha mfalme, mwenye yale macho ya kope nzito. Na picha ya kuchapwa tunayoiangalia sisi ni nakala ya mchoro huo, imechongwa kwenye bamba la shaba na mtu ambaye huenda bibi mwenyewe hajawahi hata kumuona. Yaani umbali kati ya uso halisi na karatasi ni mrefu mno.

Haya, chini sasa. Zuumu mpaka maandishi yawe makubwa. Kama picha uliyodaunlodi imekatwa ukanda wa chini, achana nayo tafuta nakala nyingine, maana watu wa zamani walipenda kukata pembeni ili waibandike kwenye albamu, na wakikata hivyo nusu ya habari inaondoka. British Museum, National Portrait Gallery ya London, Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum ya New York wote wameweka picha hizi mtandaoni, na mara nyingi ile iliyokatwa huku iko nzima kule. Hawa wawili wa mwisho picha zao nyingi za kazi za zamani unachukua na kutumia bure, kwa wengine soma kwanza masharti.

Kwenye ukanda utakutana na Kilatini kifupi kifupi, usiogope, ni maneno manne tu unatakiwa uyajue na ukiyajua umeshamaliza. Pinxit, mara nyingi wanafupisha pinx., ni yule aliyechora ile picha ya rangi ya mafuta, hapo utawaona Lely, Kneller, Wissing. Sculpsit au sculp. ni aliyechonga bamba. Fecit au fec. ni aliyetengeneza, na hili ndo neno wachongaji wa mezotinti, hizi picha nyeusi ambazo nitazieleza mbele, walilipenda zaidi. La nne ni excudit, wakati mwingine exc. au ex. tu, huyo ni mwenye bamba, aliyetoa pesa, akachapisha na kuuza. Ukikuta mtu mmoja ameandikwa fecit et ex. ujue kachonga mwenyewe na kauza mwenyewe, na huyo mara nyingi ni John Smith, ambaye jina lake utaliona limeandikwa I. Smith kwa sababu Kilatini hakikuwa na J, ni huyo huyo. Isaac Beckett hivyo hivyo, I. Beckett.

Hapa kuna kosa nimeliona watu wengi wanalifanya. Picha inasema P. Lely pinxit na R. Tompson excudit, mtu anaandika mchongaji ni Tompson. Hapana. Richard Tompson alikuwa muuzaji, mwenye duka, na picha zake nyingi hazitaji kabisa nani alichonga. Jina la mchongaji likikosekana liache likose, usimpe muuzaji kazi ambayo hakuifanya, kuna mtu aliyekaa wiki nzima ameinamia lile bamba na haki yake ni kubaki bila jina kuliko kupewa jina la mwingine. Edward Cooper naye ni muuzaji, duka lake lilikuwa Bedford Street kwenye kibao cha njiwa watatu. Nyumba za London wakati ule hazikuwa na namba, watu walielekezana kwa vibao, kama sisi tunavyoelekezana kwa mwembe au kwa kituo cha mafuta. John Smith alikuwa Russell Street pale Covent Garden kwenye kibao cha simba na taji. Ukisoma kibao kwenye picha umeshajua picha ilitokea duka gani.

Sasa jina la bibi, na hapa ndo penye utamu wote. Hawa wanawake vyeo vyao vilikuwa vinabadilika, wanaolewa, mume anapandishwa, mfalme anawapa cheo wenyewe, na kila mara wanabadilisha jina. Kwa hiyo cheo kilichoandikwa chini kinakupa mwaka ambao maandishi hayo hayawezi kuwa ya kabla yake. Barbara Villiers alikuwa Countess of Castlemaine, cheo cha chini ya Duchess, kuanzia 1661, akawa Duchess of Cleveland 1670. Ukiona Castlemaine, maandishi ni ya kabla ya 1670, ukiona Cleveland ni ya baada. Louise de Kéroualle, Mfaransa, kipenzi kingine cha mfalme, alipata Duchess of Portsmouth mwaka 1673. Mary binti wa James, mdogo wake Charles II, alikuwa Princess of Orange tangu alipoolewa 1677, akawa malkia 1689, akafa mwishoni mwa 1694. Dada yake Anne aliolewa na George wa Denmark 1683, akawa malkia 1702. Na Sarah Churchill ni kama ngazi kabisa, 1682 mume wake kawa Lord Churchill, 1689 yeye kawa Countess of Marlborough, 1702 Duchess. Mwanamke mmoja, vyeo vitatu, na kila cheo kinakubania tarehe.

Lakini angalia, nimesema maandishi, sijasema picha. Bamba la shaba ni mali, linaweza kufutwa maneno likaandikwa mapya, bibi akipanda cheo muuzaji hatupi bamba, anafuta ule mstari tu anachonga mwingine. Hata kichwa kilikuwa kinafutwa! Kuna bamba moja maarufu la mchongaji Pierre Lombart la mtu juu ya farasi ambalo lilibadilishwa kichwa mara kadhaa, mara Cromwell, mara adui yake mfalme Charles I, farasi yule yule. Kila badiliko kama hilo wataalamu wanaliita hatua ya bamba (kwa Kiingereza state), na ndo maana kwenye maelezo ya makumbusho utaona wanasema hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiona mstari wa jina unang'aa kuliko sehemu nyingine, au kuna kivuli cha herufi za zamani kimebaki chini yake, hapo pana kazi ya kufuta, zuumu tena.

Jingine, usidhani cheo ni mtu. Mfano wangu wa kila siku ni Duchess of Richmond. Mary Villiers alikuwa Duchess of Richmond, mjane, aliishi mpaka 1685. Frances Stuart aliolewa 1667 akawa Duchess of Richmond, naye aliishi mpaka 1702. Na Anne Brudenell aliolewa miaka ya mwanzo ya 1690 naye akawa Duchess of Richmond. Wanawake watatu, jina moja, na kuna miaka ambayo wawili kati yao walikuwa hai kwa wakati mmoja wakiitwa hivyo hivyo. Picha ikisema tu The Duchess of Richmond basi kazi yako haijaisha, inabidi uangalie mchoraji alikufa lini, mchongaji alianza kazi lini, muuzaji alikuwa duka gani, ndo uanze kuwapunguza. Beckett kwa mfano alikufa 1688, kwa hiyo picha aliyoichonga yeye haiwezi kuwa ya mtu aliyepata cheo 1692. Ila usikimbilie kufunga kesi hapo, kwa sababu mabamba yake kadhaa yalienda kwa Smith na Smith akayatoa tena.

Neno Madam kwenye maandishi halimaanishi ni mtu wa ukoo mkubwa, wacheza maigizo waliitwa hivyo, Nell Gwyn, mcheza maigizo aliyekuwa kipenzi cha mfalme, aliitwa hivyo. Na Mrs enzi zile hata msichana ambaye hajaolewa aliandikwa Mrs, kwa hiyo usiende kumtafutia mume asiyekuwepo.

Mchoraji naye ana cheo, kiangalie. Godfrey Kneller alipata u-Sir mwaka 1692 na ubaroneti (u-Sir wa kurithiwa) 1715, na ukikuta neno Eques baada ya jina lake ndo huo u-Sir kwa Kilatini, kwa hiyo maandishi hayo sio ya miaka ya 1680. Lely alipewa u-Sir Januari 1680 akafa mwaka huo huo kabla haujaisha, yaani picha inayosema Sir Peter Lely au Eques karibu zote zimeandikwa akiwa ameshakufa au amebakiza miezi. Na hapa nikuonye kitu ambacho kinawachanganya sana watu. Ukisoma vitabu vingine wanasema Lely alipata cheo 1679 na vingine 1680, na wote wako sahihi, kwa sababu Uingereza mpaka 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Januari yao ilikuwa bado mwaka uliopita. Tarehe yoyote ya kati ya Januari mosi na 24 Machi ikague mara mbili, na ukiona imeandikwa 1688/9 kwa mkwaju katikati ujue ni mwandishi anakusaidia kwa kukupa hesabu zote mbili, 1688 ya zamani na 1689 ya sasa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakitakiwi kuwepo kwenye ukanda. Ukikuta maneno ya kusema imechapishwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge, pamoja na tarehe kamili, hiyo sio ya enzi za Stuart, ukoo wa wafalme na malkia hawa, kwa sababu sheria yenyewe ilianza kazi Juni 1735 na Malkia Anne alikufa 1714. Bamba linaweza kuwa la zamani limeongezewa maneno, au ni bamba jipya kabisa la picha ya zamani. John Faber mdogo alifanya hivyo, aliwachonga wale mabibi ambao Kneller aliwachora kwa ajili ya Malkia Mary pale kwenye jumba la Hampton Court, ila aliwachonga wakati enzi yenyewe imeshapita. Bibi ni wa 1690, bamba sio.

Tuingie kwenye wino. Picha nyingi za hawa mabibi ni za aina inayoitwa mezotinti, na bila kuelewa inavyotengenezwa utakuwa unaangalia weusi tu. Aliyeianzisha ni Mjerumani Ludwig von Siegen, mwaka 1642, na picha yake ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mtawala, Amelia Elisabeth wa Hesse-Kassel. Prince Rupert, binamu yake Charles II, akaileta Uingereza, mwandishi John Evelyn akaitangaza kwenye kitabu chake cha 1662, na Mholanzi Abraham Blooteling alipokuja London miaka ya 1670 akaja na ufundi mzuri zaidi wa kuandaa bamba, kuanzia hapo ikawa kazi ya mjini hapo.

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi ana chuma kipana kama patasi, makali yake yamepinda kama mwezi mchanga na yamejaa vijimeno vidogo. Anakibembeza juu ya shaba, kushoto kulia, kushoto kulia, kila kikipita kinaacha vitundu na pembeni ya kila kitundu kijishaba kimeinuka. Anapita bamba lote, anageuza upande anapita tena, anageuza anapita tena, mara nyingi sana, mpaka bamba zima linakuwa kama msasa. Ukilipaka wino wakati huo ukachapa unapata karatasi nyeusi tii. Hamna bibi, hamna kitu. Alafu sasa ndo anachukua kisu cha kukwangulia, anaanza kukwangua pale anapotaka mwanga uingie, paji la uso, bega, mkunjo wa hariri, kama unavyokwangua ukoko mpaka sufuria ing'ae. Palipokwanguliwa kidogo panashika wino kidogo, palipolainishwa kabisa panabaki peupe. Yaani wachoraji wengine wote wanaongeza giza kwenye karatasi nyeupe, huyu anamtoa mwanamke gizani.

Ndo maana hariri zao ni nzuri vile. Jaribu hivi, chukua mezotinti yoyote ya Smith aliyoichonga kutoka kwa Kneller, usiangalie uso, nenda kwenye mkono wa gauni pale kiwikoni. Zuumu mpaka mwisho. Utaona mwanga unapita juu ya mkunjo hauna mpaka, hamna mstari wowote, unayeyuka tu kuingia kwenye weusi, na kwenye ukingo wa mwanga kuna vidoa vidogo vidogo vya alama za kile chuma ambavyo kisu hakikuvifikia. Hizo alama ndo saini ya mezotinti. Ukiona badala yake ni mistari iliyochorwa, minene kwa myembamba, inapishana, hiyo ni nakshi ya mistari, kazi nyingine kabisa, ya watu kama William Faithorne na Robert White. Faithorne ndo alimchonga Lady Castlemaine mwaka 1666, na Pepys, aliyekuwa anampenda huyo bibi kwa mbali, alinunua nakala tatu siku zilipotoka. Na ukizuumu ukakuta nukta zimejipanga safu safu kama za gazeti, hiyo imetoka kwenye kitabu cha karne ya 19 au ya 20, ni picha ya picha.

Ubaya wa mezotinti ni kwamba vile vijishaba vilivyoinuka ni laini, kila karatasi ikipita kwenye mashine vinalala. Nakala za mwanzo zina weusi wa mahameli, unatamani uuguse. Zinazofuata zinaanza kuwa za kijivu, vivuli vinapauka, uso unakuwa bapa, na bamba likichoka sana wanaliamsha upya, wanabembeza tena na kukwangua tena, na hapo bibi anaweza kutoka na sura nyingine. Kwa hiyo kabla hujasema mchongaji fulani ni dhaifu hakikisha umeona nakala ya mapema. Nimeshawahi kumdharau fundi mmoja kwa nakala iliyochoka, nilipokuja kuona ya mapema skrini ilionekana kama imezama ndani, sikuamini ni bamba lile lile.

Kama unayo karatasi yenyewe mkononi, iinue kwenye mwanga kama unavyokagua noti. Karatasi za enzi zile zinaonyesha mistari, myembamba mingi imebanana na mingine imepita kukatiza kwa umbali wa kama sentimita mbili na nusu, huo ni wavu wa waya uliotumika kuitengeneza, na ukiwa na bahati unaona alama ya maji. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika Uingereza miaka ya 1750, kabla ya hapo haikuwepo. Mimi nilinunua duchesi mmoja kwenye soko la wikiendi London, muuzaji akaniapia ni ya 1690, bei akaipandisha kwa hiyo 1690, na mimi kwa furaha nililipa kwanza ndo nikainua kwenye taa nyumbani. Safi kabisa, hamna mstari hata mmoja. Bamba huenda ni la zamani kweli, lakini karatasi imepita kwenye mashine miaka mingi baada ya yule bibi kuzikwa. Inua kwanza, lipa baadaye, na muuzaji akikataa usiinue basi jibu umeshapata. Papasa pia pembeni kwa kidole, utasikia mfinyo wa mstatili ambapo bamba lilibana karatasi iliyoloweshwa, bamba la kawaida ni kama sentimita 34 kwa 25, na mfinyo usipokuwepo aidha imekatwa au haikuchapwa kwa bamba.

Sasa ndo panda juu kwenye mwili. Kichwani, kama kuna kilemba kirefu cha lesi na utepe kimesimama kama ngazi, hicho kinaitwa fontanji, ni cha kati ya miaka ya 1680 mwishoni na 1710 hivi. Nywele zilizotanuka pembeni kwa mikunjo mifupi ni za enzi za Charles II. Gauni lile legelege lililobanwa na vito viwili vitatu sio nguo waliyotoka nayo nje, wachoraji walilipenda makusudi ili picha isizeeke na mtindo, kwa hiyo usilitumie kupata tarehe. Gurudumu lenye miiba ni Mtakatifu Catherine, na lilipendwa kwa sababu malkia wa Charles aliitwa Catherine. Fimbo na kondoo ni mchungaji wa hadithi, upinde ni Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi, kofia ya vita ni Minerva, mungu wao wa vita na hekima, Barbara alichorwa hivyo. Frances Stuart alichorwa kama Diana, na mwaka 1668 ndui ikamshika ikamharibu uso, lakini kwenye picha za kuchapwa hutaona kovu hata moja.

Na usisahau kwamba kuchapa kunageuza, alichochonga fundi upande wa kulia kinatoka kushoto. Ukilinganisha na mchoro wa rangi igeuze kwanza kwenye simu kama kioo, utashangaa mapozi mangapi yanaingia sawasawa.

Kuna mtu mwingine ndani ya picha hizi ambaye kwangu mimi ni lazima aangaliwe. Baadhi ya mabibi wamechorwa na mtoto mweusi pembeni, ameshika maua, au tunda, au mkia wa gauni, na wengine shingoni wana kola ya fedha. Mchoro unaojulikana zaidi ni wa Pierre Mignard wa 1682, uko National Portrait Gallery, Louise de Kéroualle amemwekea mkono begani msichana mdogo Mwafrika anayemwinulia matumbawe mekundu na kombe limejaa lulu. Weupe wa bibi umewekwa pale ung'ae dhidi ya ngozi ya mtoto, kama kito juu ya kitambaa. Hii haikuwa mapambo ya kubuni tu, Royal African Company ilipewa hati 1672, mkuu wake alikuwa Duke of York, ndugu wa mfalme mwenyewe, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kusafirisha watu kutoka Afrika Magharibi wakiwa watumwa. Kwenye picha za kuchapwa ukanda wa chini unamtaja bibi na vyeo vyake vyote, unamtaja mchoraji, mchongaji, mwenye duka na kibao cha duka. Mtoto hatajwi. Ukikutana naye zuumu kwake kama ulivyozuumu kwa bibi, angalia anaangalia wapi, kashika nini, shingoni kuna nini, anaonekana wa umri gani.

Ukimaliza andika rekodi, fupi tu ila kila kitu kwa mpangilio ule ule ulioanza nao. Maandishi ya chini neno kwa neno kama yalivyo hata kama yana makosa ya tahajia, nani pinxit, nani fecit, nani excudit, cheo kinaruhusu mwaka gani, vipimo vya mfinyo, karatasi ina mistari au haina, weusi ni wa mahameli au umechoka, na watu walioko kwenye picha wote kwa idadi, asiye na jina mwandikie hana jina, usimruke. Ukiona kwenye maelezo ya makumbusho wameandika CS na namba, hiyo ni orodha ya John Chaloner Smith ya karne ya 19, inakutofautishia hatua za bamba, nakili namba hiyo maana itakuokoa ukija kulinganisha.

Kama una karatasi yenyewe tafadhali usiipeleke kuleminetisha. Najua hapa nyumbani kila kitu cha thamani tunaleminetisha, vyeti, picha za harusi, lakini joto lile na plastiki vinaiua karatasi ya matambara ya kitani, na haitoki tena. Usibandike selotepu, usiipige gundi, usiitundike ukuta unaopigwa na jua. Ukiwa Mombasa au Dar unyevu ndo adui, iweke bapa katikati ya karatasi zisizo na asidi kwenye bahasha au folda, mbali na ukuta wa nje, na uifungue kila baada ya muda uangalie wadudu. Rekodi yako iandike kwenye karatasi ya pembeni, na ukitaka lazima uweke alama nyuma ya picha tumia penseli laini, kwenye kona, bila kukandamiza.